Nilivyoacha kraki (programu za wizi zilizovunjwa leseni) kwenye steshenari yangu: windo ya elfu 15 iliyonila zaidi ya laki, flashi zenye shotikati na vurugu nyingine za mtandaoni

Mzee wa Fotokopi

Wakuu habari za jioni. Naandika huu uzi nikiwa na hasira kidogo maana leo kwa mara ya nne mwezi huu kaja mteja na flashi, nachomeka, kila kitu kimegeuka shotikati (vialama vya njia ya mkato badala ya mafaili yenyewe), na mtu ananitazama kama mimi ndo nimekula kazi yake.

Nina steshenari ndogo Morogoro. Fotokopi, kuprinti, kuombea watu mikopo ya HESLB, maombi ya ajira, pasipoti saizi, vitu hivyo. Kompyuta mbili tu. Kwa hiyo uchafu wa mtandaoni karibu wote unaoujua wewe ushapita mezani kwangu, na hela niliyopoteza kabla sijashtuka ningekuwa nshanunua mashine ya pili ya laminesheni.

Mwaka 2021 nilishuka Kariakoo nikabeba EliteBook 840 G3 ya mtumba, laki nne na nusu hivi. Windo (Windows) ilikuwemo ila Word haimo, nikapeleka kwa fundi mtaani akasema mzee hapa tupige windo mpya na Ofisi na antivairasi kabisa, elfu 15 umemaliza. Nikaona bei ya bure ile. Wiki mbili mashine iko safi, ya tatu braoza ikaanza kujifungulia yenyewe kurasa za kamari, natafuta kitu Google napelekwa kwingine, feni inanguruma kama mashine ya kukoboa na sijafungua hata faili moja. Nikarudi kwa fundi, akapiga tena, elfu 15 nyingine. Nikarudi tena. Ndani ya mwaka mmoja nimepigiwa windo mara nne jamani, na kila nikipigiwa nusu siku duka halifanyi kazi, piga hesabu na hiyo. Iliyoniuma kuliko zote ni mwalimu mmoja wa sekondari aliyeleta mitihani ya muhula kwenye flashi, kaprinti kaondoka vizuri, kesho yake karudi folda hazifunguki. Hakupiga kelele hata kidogo. Ila hakurudi tena, na walimu wenzake wote nikawa nawaona wanavuka barabara kwenda kwa jirani.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa chuo aliyekuja kufanya fildi kwangu. Kakaa kwenye mashine dakika kumi akaniuliza, mzee nani amezima antivairasi hapa? Ile ya Windows yenyewe, Defender, imezimwa, na kuna folda imeandikiwa isikaguliwe kabisa. Akanieleza kwamba kraki nyingi hatua ya kwanza zinakwambia zima antivairasi. Hebu fikirini wenyewe, mgeni anabisha hodi saa nane usiku anakwambia zima taa ya nje na mfunge mbwa ndo niingie, na sisi tunazima na tunafunga.

Halafu akanionyesha kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nasonya. Mashine yangu ilikuwa na leseni halali ya Windows muda wote. Laptopu nyingi za kampuni kuanzia zama za Windows 8 zinakuja na ufunguo wa leseni umechomwa ndani ya ubao wenyewe, hata ukifomati mara mia haufutiki. Ukiweka windo safi ya aina ileile iliyokuja nayo, kama ni Pro basi Pro kama ni Home basi Home, ukiunganisha intaneti inajiwasha yenyewe bila kraki. Fundi alifuta windo halali akaniwekea ya wizi kisha akanidai hela! Kuangalia kama yako inao fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba makundi matano, una leseni. Kwenye Windows 11 mpya wmic imeshaondolewa kwa hiyo fungua PowerShell uandike

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Isipotokea kitu basi hamna, usimlaumu mtu. Faili la windo lenyewe unashusha bure kwenye tovuti ya Microsoft, kile kifaa chao kinaitwa Media Creation Tool, unahitaji flashi ya GB 8 na bando la kutosha kidogo maana ni kama GB 5, mimi nilisubiri bando la usiku.

Ofisi nikaachana nayo nikaweka LibreOffice. Bure, halali, haikudai kitu kila mwaka, inafungua docx na xlsx, yaani mafaili ya Word na Excel. Sitawadanganya kwamba ni sawasawa na Word. Faili la mteja lenye viboksi vya maandishi na CV zile za templeti za mapambo linaweza kuhama mistari. Lililoandikwa kwa Calibri au Cambria halisumbui sana kwa sababu LibreOffice inakuja na Carlito na Caladea ambazo upana wa herufi umelinganishwa nazo, ila Word za siku hizi zinaanza na fonti inaitwa Aptos na hiyo ndo inanivurugia kurasa. Dawa yangu ni ukutani nimebandika karatasi: TAFADHALI LETA PDF. Nusu ya ugomvi na wateja umeisha hapo.

Vingine nilivyobadilisha kwa haraka haraka, mahali pa WinRAR ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, ile ya "siku 40" ambazo zimeisha tangu enzi za Mkapa, nimeweka 7-Zip, PDF natumia SumatraPDF nyepesi, video VLC, na hizi zote nazishusha kupitia Ninite, unaweka tiki kwenye unazotaka inakuletea faili moja linaziweka zote bila kukuwekea vidubwasha vya pembeni. Maana zile tovuti zenye vitufe vitano vya kijani vimeandikwa "Download" kimoja ndo cha kweli na vinne ni matangazo, hapo ndo wengi wanaliwa.

Kuhusu flashi za shotikati, mafaili mara nyingi hayajafutika, yamefichwa tu. Kama flashi ni E unaandika kwenye cmd

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

yanarudi, kisha unafuta zile shotikati na vifaili vya ajabu vyenye mwisho wa .vbs au .js. USIBONYEZE shotikati yenyewe, ukibonyeza umemwalika ndani.

Nina mengine ya bando na simu, ngoja ninywe chai kwanza. Mwenye swali aulize.

---

Kapuku Msomi

Uzi wa kizalendo huu mkuu. Nakaa hapa nasoma.

---

jasiri_haachi

Mzee unatutisha bure. Mimi kraki natumia mwaka wa kumi huu, windo, ofisi, Photoshop, kila kitu, sijawahi kupata tatizo. Shida fundi wako alichukua kwenye tovuti ya hovyo. Na hizo hela za kulipa dola kila mwezi utatoa wewe?

---

Mzee wa Fotokopi

jasiri, nani kasema ulipe dola? Soma tena, mimi sijalipa hata senti. Na "sijawahi kupata tatizo" ndo maneno niliyokuwa nasema wiki zile mbili za mwanzo. Siku hizi wezi hawafanyi fujo, wanachukua tu paswedi zilizohifadhiwa kwenye braoza yako wanaondoka kimya, utajua siku Instagram yako inauza bitikoini. Nenda haveibeenpwned.com weka imeili yako uone imevuja mara ngapi, halafu rudi hapa tuongee.

---

jasiri_haachi

Mara 6 😅 ila sio lazima iwe kraki

---

Mzee wa Fotokopi

Kweli sio lazima, nyingi ni kampuni zenyewe zimevuja. Ila kama paswedi ni moja kila mahali huna pa kujificha. Weka Bitwarden, programu ya kukutunzia paswedi, ya bure inatosha na inaenda kwenye vifaa vyako vyote.

---

Binti Mlandizi

Baba naomba nisaidie, simu ya mama yangu kila dakika inaleta ujumbe juu "simu yako ina virusi 13 safisha sasa", nimemfutia aplikesheni karibu zote bado. Alitaka kwenda kwa fundi akaambiwa elfu 10 kuflashi.

---

Mzee wa Fotokopi

Usimpeleke popote binti. Hiyo sio virusi, ni tovuti fulani ilimwambia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe sio roboti" akabonyeza, sasa inamtumia matangazo kupitia Chrome. Fungua Chrome, vile vinukta vitatu, setingi, setingi za tovuti, notifikesheni, utaona majina ya ajabu ajabu, zima yote. Halafu hapohapo juu weka isiruhusu tovuti yoyote kuomba tena. Bure, dakika moja.

Ukiwa hapo hapo na simu yake kama ni Android 9 kwenda juu ingia setingi za mtandao tafuta palipoandikwa Private DNS, andika dns.adguard-dns.com, hifadhi. Matangazo mengi kwenye tovuti na hata ndani ya vigemu yanakufa bila kuweka aplikesheni yoyote. YouTube hayatoki kwa njia hiyo nisikudanganye. Na siku akiunganisha WiFi ya hotelini ikagoma, kumbuka kuizima hiyo kwanza.

---

Binti Mlandizi

Nilikuta tovuti 22!!! Zimenyamaza zote. Mama anasema Mungu akubariki na uje Mlandizi ule muhogo.

---

Cyber wa Kisumu

Niaje wakuu kutoka upande wa Kenya. Mimi nina cyber hapa Kisumu na vitu mnasema ni vilevile kabisa, badala ya HESLB weka HELB (mikopo ya wanafunzi) na KRA (ushuru). Wateja wangu wanaliwa na zile tovuti za juu kabisa Google zimeandikwa zimedhaminiwa, mtu anatafuta eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, anafungua ya kwanza bila kusoma anwani, anajaza kitambulisho na namba ya simu na kila kitu. Nimewafundisha wasome mwisho wa jina, ya eCitizen lazima iishie na .go.ke, na iwe mwisho kabisa kabla ya ule mkwaju (/), maana wajanja wanaweka go.ke katikati halafu mbele kuna .com. Wakitumiwa meseji za kijinga za "umetumiwa pesa kimakosa rudisha" kwa laini ya Safaricom wanazipeleka 333, ni bure. Na *106# wanaona laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, kuna mama alikuta laini tatu hazijui.

---

Mzee wa Fotokopi

Karibu sana ndugu. Huku pia *106# ni hiyohiyo, na matapeli tunaripoti 15040. Huku ni .go.tz. Siku matokeo ya kidato cha nne yakitoka utaona vitovuti vinavyojiita vya NECTA vinachipuka kama uyoga, matangazo matupu, wakati necta.go.tz ipo, tatizo inalemewa siku ya kwanza watu wanakosa subira.

---

mchora_nembo

Mimi ni grafiki, nakubali yote ila GIMP kuiita mbadala wa Photoshop mnatukosea. Nimejaribu wiki nzima mkono umegoma. Kilichoniokoa ni Photopea, inafunguka ndani ya braoza, inafungua PSD (mafaili ya Photoshop), vitufe karibu vyote viko palepale mkono ulipozoea. Ina matangazo pembeni lakini inafanya kazi hata kwenye laptopu ya mkopo. Kwa kazi za kwenda kiwandani zinazotaka CMYK (mpangilio wa rangi za uchapishaji) natumia Krita, nembo nafanya Inkscape. Adobe nililipia miezi miwili nikaona namfanyia kazi yeye.

Ila jambo la kusema kweli, mteja akitaka faili la InDesign, ile ya Adobe ya kupanga vitabu na majarida, hapo sina ujanja, nakwenda ofisini kwa rafiki.

---

Mzee wa Fotokopi

Safi, mimi sikuitaja GIMP lakini nimepokea kwa niaba yao 😂

---

Dada wa Vikoba

Naomba niongeze la mikopo ya mtandaoni maana limenikuta. Mwaka juzi nilikopa elfu 50 kwenye aplikesheni moja, wakati wa kuweka iliniomba ruhusa ya majina ya kwenye simu nikabonyeza sawa sawa sawa kama kawaida yetu. Nilichelewa siku moja tu. Walimpigia mchungaji wangu, walimpigia mwenye nyumba, walimtumia bosi picha yangu imeandikwa TAPELI. Elfu 50. Nilitamani ardhi ipasuke. Wenzangu, aplikesheni ya mkopo haina kazi na majina ya simu yako, Google wenyewe tangu 2023 wamekataza za mikopo kuchukua majina na picha kwa hiyo ikikuomba hivyo ujue ama imeshushwa nje ya Play Store ama ni jambazi. Na Benki Kuu ya Tanzania Novemba 2024 walitoa orodha ya 69 zisizo na leseni, itafuteni muisome kabla hamjakopa. Mimi yangu ilikuwemo.

---

Kapuku Msomi

Pole sana dada. Hii ya bosi imeniuma.

---

Mzee wa Fotokopi

Pole mno. Nimeiprinti hii posti yako naibandika dukani, sitaweka jina.

Nirudi kwenye bando nililoahidi. Duka langu lilikuwa linakula bando la mwezi ndani ya siku 11. Chanzo nilikipata sehemu mbili. Kwanza Windows inashusha masasisho yake muda inaotaka yenyewe, nenda kwenye setingi za WiFi yako iweke kuwa ni mtandao wa kulipia kwa kipimo (metered), itatulia. Pili kuna kitu kinaitwa Delivery Optimization, kikiwashwa kwa kompyuta za mtandaoni mashine yako inagawia wageni masasisho kwa bando LAKO. Nilizima nikakaa nikacheka peke yangu, kumbe nilikuwa nafadhili watu nisiowajua. Upande wa braoza nikahamia Firefox na kizuia matangazo kinaitwa uBlock Origin, Chrome wameifungia ile kamili imebaki ya Lite. Na Firefox ya kwenye Android nayo inaikubali. Kurasa za magazeti ya udaku ndo utaona tofauti, zilikuwa nzito kwa matangazo kuliko habari.

Kwenye WhatsApp zima kushusha picha na video zenyewe, weka anayekuongeza kwenye magrupu awe ni mtu unayemjua tu, nyamazisha wapigaji usiowajua, na weka ile namba ya siri ya tarakimu 6. Kijana akikupigia "nimekutumia kodi kimakosa nisomee", yaani ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji, kata simu.

---

mwana_wa_tandika

Mzee shikamoo. Mpwa wangu aliweka aplikesheni ya kupamba picha "jaribu siku 7 bure" kwenye simu ya baba yake, siku ya nane kadi ikakatwa. Tukaifuta. Mwezi uliofuata ikakatwa tena! Hii inakuwaje?

---

Mzee wa Fotokopi

Marahaba. Kufuta aplikesheni hakufuti malipo, hapo wanawapata wengi. Fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti, malipo na sabskripsheni, utaikuta bado imekaa inakula, ikatishe hapo. Siku nyingine ukijaribu kitu cha siku 7 katisha siku ileile, mara nyingi unaendelea kukitumia hadi siku ziishe.

---

fundi_wa_mtaani

Nimesoma nimenyamaza sasa naongea. Sisi mafundi tunasemwa sana. Mteja anakuja na elfu 10 anataka Ofisi ya mwaka huu, nikimwekea LibreOffice kesho anarudi anasema nimemtapeli, "hii sio Word". Nifanyeje? Na hiyo habari ya ufunguo ndani ya ubao ni kweli naijua, ila mteja mwenyewe ana Home anataka Pro kwa sababu jirani yake ana Pro.

---

Mzee wa Fotokopi

Hapo umesema kweli fundi, nakubali. Ila mwambie tu, na kama hana haja ya vitu vizito Word ya kwenye braoza ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, na mwanafunzi mwenye imeili ya chuo aulize chuoni kwao kwanza, vyuo vingi vinayo bila yeye kujua.

---

Kapuku Msomi

Wakuu nimefanya ile komandi imekubali!! Ufunguo wangu huu hapa: [picha]

---

Mzee wa Fotokopi

WEWE FUTA HIYO PICHA SASA HIVI

---

Kapuku Msomi

Nimefuta 😭😭

---

Cyber wa Kisumu

Nimecheka hadi mteja ameuliza kuna nini

---

mchora_nembo

Mzee swali la mwisho, G3 yako hiyo prosesa yake ni kizazi cha 6, Windows 11 haiikubali, na Windows 10 walishaiacha tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa unatumia nini?

---

Mzee wa Fotokopi

Swali zuri, nilikuwa nalikwepa. Mashine ya mbele ya wateja niliiandikisha kwenye nyongeza ya masasisho, Microsoft wanakuongezea mpaka 13 Oktoba 2026, sikulipa, nilitumia akaunti yao tu nikawasha kuhifadhi setingi. Ya nyuma, hiyo G3 yenyewe, kijana wa fildi aliniwekea Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kabla hajarudi chuo. Printa ya HP iliingia yenyewe bila diski, ila Canon yangu ya zamani imegoma mpaka leo kwa hiyo nimeihamishia kwenye ya mbele. Flashi zote chafu nachomeka kwanza kwenye Mint, vile vishotikati vinakaa pale kama samaki nchi kavu, nafuta, namrudishia mteja.

Yule mwalimu wa mitihani nilikutana naye sokoni juzi, nikamwambia nimeshapata dawa ya flashi. Kasema atamtuma mwanafunzi na PDF.